Stata ya Honda ATC250ES ya magurudumu matatu: uzoefu wangu na mafundi wawili wa Malindi

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Malindi, Mambrui na Gongoni ambao bado wanazo zile Honda kuukuu za magurudumu matatu zenye matairi mapana, kwa sababu nilikaribia kukubali injini yangu ipasuliwe kwa hitilafu ambayo haikuwamo ndani ya injini.

Yangu ni ATC250ES, ile inayojulikana kama Big Red, yenye silinda moja ya ujazo wa sentimita za ujazo 246 na inayoendeshwa kwa shafti badala ya cheni. Honda waliitengeneza kati ya 1985 na 1987, na mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza huko vyombo vya aina hii kwa sababu ya ajali, kwa hiyo spea zake si za kuokota dukani. Niliinunua kwa Mwitaliano aliyekuwa akirejea kwao, nami huitumia kubebea nazi na madumu ya maji katika shamba letu ng'ambo ya mto Sabaki, mahali ambapo mchanga humeza gurudumu la bodaboda. Ina kamba ya kuvuta kwa dharura, lakini bega langu la kulia halina nguvu tangu nilipoanguka mnazini, na kwangu mimi stata ya umeme ndiyo chombo chenyewe.

Hitilafu ilianza pole pole wakati wa kusi. Nikibonyeza kitufe, rile, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye mota ya stata, ililia "ta" moja, kisha kimya. Nikiigonga mota ya stata kwa mpini wa bisibisi, ilizunguka na injini ikawaka. Nilivumilia hali hiyo kwa wiki kadhaa, na hilo lilikuwa kosa langu, kwani ishara ile ilikuwa imekwisha kunionyesha ugonjwa ulipo.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo sitaitaja, haikupima chochote. Waliniuzia betri mpya kwa shilingi 4,500, kisha rile mpya, na hali ilipobaki vile vile wakaitoa mota na kufunga nyingine iliyotumika, ambayo matundu yake ya bolti na meno yake yalioana na ya kwangu. Mota hiyo ilizunguka kwa kasi na kwa mlio mzuri, lakini injini haikusogea hata kidogo. Hapo wakanieleza kwamba klachi ya stata, kile kifaa kinachoishikanisha mota na injini, imekufa, kwamba ni lazima injini ifunguliwe upande wa flaiwili, lile gurudumu lake zito, na kwamba gharama ya kazi hiyo ni shilingi 9,000 kabla ya kuagiza spea kutoka nje. Niliomba siku mbili za kufikiri, nikadai mota yangu ya zamani nipewe, nikaondoka nayo ndani ya mfuko. Namshukuru Mungu kwa uamuzi ule.

Fundi wa pili ni mtu mzima anayetengeneza stata na altaneta za matatu na tuktuk chini ya kibanda cha mabati huko Maweni. Baada ya salamu hakugusa spana. Aliniuliza maswali: ilianza lini, ililia vipi, je, kuigonga kulisaidia? Nilipomjibu kwamba kuigonga kulisaidia, alitikisa kichwa na kusema, "Basi kaboni zimeganda, ndugu yangu. Iko wapi mota iliyotoka nayo kiwandani?" Kaboni ni vile vipande vidogo vinavyoupeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka.

Kabla ya kuifungua mota yangu, aliitoa ile niliyofungiwa na gereji ya kwanza, akaibana chini kwa mguu na kuipa umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mota yangu, ambayo ilikataa mara mbili, na ya tatu, alipoigonga, ikazunguka. Akaniambia nitazame ncha za shafti. Zilikuwa zikizunguka pande zinazopingana. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila mwenye chombo cha namna hii alijue: klachi ya stata hushika upande mmoja tu, ili injini ikishawaka isiiburuze mota, kwa hiyo mota inayozunguka kinyume huteleza bure na kuifanya klachi nzima ionekane mbovu. Shilingi 9,000 zangu zilikuwa ziende kutafuta ugonjwa ambao haukuthibitishwa na mtu yeyote.

Ndani ya mota yangu mlijaa unga mweusi wa kaboni uliochanganyika na kutu. Kaboni moja ilikuwa imebaki fupi kiasi kwamba springi yake haikuisukuma tena, na ya pili ilikuwa imekwama ndani ya kishikizo chake kwa chumvi. Aliipima amecha, yaani sehemu inayozunguka, kwa mita: kila kipande cha shaba kilipaswa kupitisha umeme kwa jirani yake, na hakuna hata kimoja kilichopaswa kuupitisha kwenye shafti. Ilifaulu. Akaisugua shaba kwa msasa laini wa karatasi, kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma na kusafisha mifereji iliyo kati ya vipande, mmoja baada ya mwingine, kazi iliyomchukua karibu saa nzima, nami nilikaa kwenye benchi nikimtazama.

Kaboni za ATC250ES hazikupatikana mjini. Nilipendekeza tutumie za drili ya umeme, kwa kuwa ukubwa ulikaribiana, akakataa katakata. Alinieleza kwamba kaboni za drili ni za umeme wa volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali za stata huchanganywa na shaba nyingi ili zipitishe mkondo mkubwa kwa volti 12, na ndiyo maana ukizitazama juani huwa na wekundu. Alichukua kaboni za stata ya tuktuk, akazichonga kwa tupa hadi zikateleza ndani ya kishikizo bila kulegea, akazilehemu kwa haraka ili risasi isipande kwenye uzi wa shaba na kuufanya mgumu. Pia alibadilisha mpira wa duara unaozuia maji kuingia penye mfuniko, jambo ambalo sikuwa nimeliomba na ambalo kwa mazingira yetu ya pwani lina thamani kuliko betri mpya.

Ilipofungwa, stata ilizunguka upande wake, lakini kwa uzito. Gereji nyingine ingeilaumu betri, ambayo kwa mita ilikuwa na volti 12.6. Yeye aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye injini, akahakikisha giya iko nyutro, kisha akaniambia nibonyeze kitufe. Mita ilisoma volti 1.8, pale ambapo haikutakiwa kufika hata nusu volti, yaani umeme ulikuwa ukipotea ndani ya waya unaounganisha hasi ya betri na injini. Alipoupasua ule waya wa hasi, shaba yake ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa urefu wa shibiri nzima, ilhali kwa nje ngozi yake ilionekana salama. Alipofunga waya mpya mnene, kipimo kilishuka hadi volti 0.2, na injini ikawaka kabla sijaondoa kidole.

Nilimlipa shilingi 3,200, kaboni, waya na kazi vyote vikiwamo. Malalamiko ninayo, nayo ni ya haki. Aliniahidi siku moja, zikawa tatu. Hakunipa risiti wala dhamana ya maandishi. Alisahau kuurudisha waya wa taa ya nyutro, nikalazimika kuvuka tena daraja la Sabaki kwa jambo la dakika mbili, ingawa aliponiona aliomba radhi na kuurudisha bila malipo. Kwa hayo ningempa nyota nne kati ya tano. Gereji ya kwanza siwezi kuipa hata moja, kwa sababu kukosea si dhambi, lakini kuuza vifaa vitatu bila kupima hata kimoja ni kumdhulumu mteja.

Sasa ni mwezi wa saba tangu matengenezo hayo. Msimu wote wa kaskazi stata imewaka kila asubuhi, nami sibonyezi kitufe zaidi ya sekunde tano kwa mkupuo, kama alivyoniagiza. Viungo vya betri nimevipaka grisi. Waya mmoja bado ni wa zamani, ule unaotoka rile kwenda kwenye mota. Nimekwisha kununua mwingine, na wiki ijayo, kabla ya kusi kuanza kuvuma, nitampelekea aufunge.