Uzito na mpini wa kisu cha kukunja: uzoefu wangu wa miaka mitatu katika kazi ya nyavu

Kazi yangu ni kushona na kuunga nyavu kwenye mwambao wa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na siku ambayo mitumbwi mingi imerudi na nyavu zilizochanika hukifungua na kukifunga kisu cha mfukoni zaidi ya mara mia moja. Hukata uzi wa nailoni, kamba za maboya, kamba nene za nanga, na mara mojamoja mpira wa mafuta wa injini ya mtumbwi. Ndani ya miaka mitatu nimetumia visu vitatu vya kukunja ambavyo makali yao hayakutofautiana sana, kwa kuwa vyote nilivinoa mwenyewe juu ya jiwe lilelile. Kilichovitofautisha ni mipini: imejengwa kwa nini, imeshikanishwa vipi, na uzito wake umekaa wapi.

Kisu cha kwanza nilikinunua mjini kwa sababu kilikuwa kizito. Nilikichagua kama wengi wetu tunavyochagua kufuli, kwa kulipima mkononi na kuamini kwamba lililo zito ndilo imara. Mizani ya jirani yangu anayefungasha dagaa ilionyesha gramu 203. Mpini wake ulikuwa na mabamba mawili ya chuma ndani, vichwa vya shaba ya njano katika ncha zote mbili, na vipande vya mti mweusi kati ya vichwa hivyo. Kwa uimara sikuwa na la kulalamikia, kwani bapa, yaani ile sehemu yenye makali, halikutikisika hata siku moja. Lakini huku ziwani tunafanya kazi tumevaa bukta, na gramu 203 ndani ya mfuko wa bukta huuvuta mfuko chini, hukugonga paja kila unapoingia mtumbwini, na ukiinama kuushika wavu kisu huteleza kuelekea mdomo wa mfuko. Tena shaba iliyosuguliwa ikawa laini, ikishapakwa ute wa samaki haikamatiki. Masika yalipoanza mti ulikunywa maji ukavimba, kiangazi ukanywea, na baada ya mwaka mmoja ufa mwembamba ukaonekana kati ya mti na shaba, ambamo magamba na uchafu vilijificha nisiweze kuvitoa hata kwa mswaki.

Mzee mmoja aliyenifundisha kushona nyavu alikichukua siku moja, akakifungua, akakirudisha. "Mwanangu," aliniambia, "panga linakata kwa uzito wake, kisu hiki unakisukuma wewe." Nimelitafakari neno hilo kuliko ushauri wowote nilioupata dukani. Panga unaliinua na kuliachia, na uzito wake ukishapata mwendo ndio unaoingia kwenye tawi, hivyo panga jepesi mno ni hasara. Kisu cha mfukoni hakirushwi. Nguvu yote inayoukata uzi hutoka kwenye mkono, na kila gramu ya mpini ni mzigo unaobebwa bila kuisaidia kazi, isipokuwa gramu hiyo iwe inazuia mpini usipinde au inaujaza mkono ili kiganja kisiumie. Tangu siku hiyo swali langu dukani si tena kwamba kisu kina uzito gani, bali uzito huo umewekwa kufanya nini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ya njano ina takriban gramu 8.5, ya chuma 7.8, ya titani 4.5, na ya alumini 2.7. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, ambayo hutumika katika mipini mingi ya kisasa, ina kati ya 1.3 na 1.4 hivi. Mti wetu wa mpingo una kama 1.2, ndiyo sababu kipande chake huzama majini tofauti na miti mingi. Kwa hiyo vichwa viwili vya shaba, ambavyo kazi yake kubwa katika kisu changu cha kwanza ilikuwa kulinda ncha za mti, vilikuwa na uzito zaidi ya mara tatu ya vile ambavyo vingekuwa vya alumini.

Kwa hasira za uzito nilikimbilia upande wa pili. Kisu cha pili kilikuwa na gramu 54 tu, na kwa miezi miwili nilikisifu kwa kila aliyeniuliza, kwa sababu nilisahau kabisa kwamba ninacho mfukoni. Mpini wake ulikuwa vipande viwili vya plastiki tupu vilivyobanwa kwa skrubu tatu, bila bamba lolote la chuma ndani. Hapo ndipo nilipojifunza ni wapi wepesi unaweza kukatwa na ni wapi haufai kuguswa. Pini ambayo bapa huzungukia ilikuwa imelala moja kwa moja ndani ya tundu la plastiki, na kila nilipokata kamba nene kwa kulipinda bapa kidogo pembeni, tundu lile lilipanuka. Mwezi wa tatu bapa lilianza kulegalega. Nilikaza skrubu, likakataa kufunguka. Nikailegeza robo mzunguko, likarudi kucheza. Nilipoubana mpini kwa nguvu, kuta zake ziliingia ndani na makali yakawa yanakwaruza ukuta wakati wa kufunga, jambo lililoyaua makali kila siku.

Mpini huo pia ulikuwa mwembamba mno. Ukikata uzi hulioni tatizo, lakini kamba ya nanga yenye unene wa kidole inahitaji nguvu, na nguvu hiyo ikipita kwenye ukingo mwembamba hulielemea eneo dogo la nyama ya vidole. Nilipata malengelenge chini ya kidole cha shahada, mahali ambapo kisu kile kizito hakikuwahi kuniumiza. Kwa haki yake, unene wa kile cha kwanza ulikuwa mzuri. Kilichokuwa kibaya ni vitu vilivyoujaza unene huo.

Kisu cha tatu, ambacho ninacho hadi leo, ni Pioneer ya Victorinox, kampuni ya Uswisi ambayo mwanzo wake ni karakana ya Karl Elsener iliyofunguliwa Ibach mwaka 1884. Shemeji yangu aliniletea, na gharama yake ilizidi ile ya visu viwili vya mwanzo kwa pamoja. Mpini una urefu wa milimita 93, na kisu kizima kina takriban gramu 70. Ukikitazama kwa ubavu utaona jinsi uzito ulivyogawanywa: bapa na springi za mgongoni ni chuma cha pua, kwa sababu hapo pana msuguano na mkazo, lakini mabamba ya ndani na maganda ya nje ni alumini. Maganda hayo hayakubandikwa juu ya mabamba. Ribiti zinapita ndani yake na kuubana mwili wote kuwa kitu kimoja, na uso wake una vinundu vidogo ambavyo mkono wenye maji huvishika vizuri. Kwangu mimi kuna zawadi nyingine, ule msharasi wa mgongoni, chuma chenye ncha kali kama sindano nene, ambao hulifungua fundo la nailoni lililokaza vizuri kuliko meno yangu yalivyokuwa yakifanya zamani.

Bapa la kisu hiki halina kufuli, yaani kizuizi cha kulishika lisijifunge. Hushikiliwa na mkazo wa springi peke yake. Kwa kukata kwa kuvuta hilo linatosha kabisa, ila anayechoma kwa ncha au kusukuma bapa kwa nguvu kuelekea mbele atafute kisu chenye kufuli na akubali gramu za ziada, kwa maana hapo gramu hizo zina kazi.

Kuna jambo la uzito ambalo watu wa nchi kavu hawalifikirii. Kisu kikiponyoka mtumbwini huzama, hata kile cha plastiki, kwa kuwa nailoni yenye kioo ni nzito kuliko maji. Nilijaza ndoo nikajaribu kuvifanya vyote vielee kwa vipande vya ndala kuukuu, kama tunavyotengeneza maboya madogo. Kisu cha gramu 70 kilielea kwa kipande chenye ukubwa wa viberiti vinne hivi, ambacho kinafungika kwenye pete ya mpini bila kusumbua. Kile cha gramu 203 kilihitaji kipande kikubwa kuliko kisu chenyewe, nikaona hakuna mtu atakayetembea nacho.

Siku hizi nikiombwa kumsaidia kijana kuchagua, humwambia akifungue kisu, aushike mpini kwa mkono mmoja na kulisukuma bapa pembeni kwa mkono mwingine, aone kama linacheza. Kisha aubane mpini kwa nguvu huku akilifunga bapa taratibu, asikilize kama linakwaruza. Halafu autazame mgongo wa mpini. Kama uko wazi, uchafu utatoka kwa kusuuza. Kama umezibwa na springi, kama changu, itabidi kila jioni akifungue, akisuuze kwa maji safi, akikaushe, na mara moja kwa wiki adondoshee tone la mafuta kwenye pini. Changu nimekifanyia hivyo kwa miezi kumi na minne sasa. Alumini imechubuka pembeni na rangi yake ya fedha imefifia, lakini ribiti zimekaza kama siku ya kwanza, na bapa halijacheza.