Ramani ya kale ya Afrika: ipi inunuliwe kwanza

Mtu anayetafuta ramani halisi ya Afrika kutoka zama za atlasi za mwanzo atakuta sokoni karatasi nyingi zilizo pekee, kwa kuwa vitabu vingi vilivyochakaa vilifumuliwa na kurasa zake zikauzwa mojamoja. Mpangilio huu haufuati bei. Unafuata kile ambacho karatasi inatuambia sisi watu wa pwani, pamoja na wepesi wa kuithibitisha.

Ya kwanza kwangu ni karatasi ya miji iliyomo katika Civitates Orbis Terrarum, atlasi ya miji ya Georg Braun na Frans Hogenberg, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka Köln mwaka 1572. Juu imechorwa Aden, na chini yake zimepangwa picha tatu ndogo zenye majina Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala. Kwa hakika hii ni mandhari ya miji kuliko ramani, lakini ni miongoni mwa picha za mwanzo za miji yetu kuchapwa Ulaya, miaka 67 tu baada ya Wareno kuipora Kilwa, na sijui karatasi nyingine ya umri huo inayostahili zaidi kutundikwa katika nyumba ya Mswahili.

Ya pili ni Africae Tabula Nova ya Abraham Ortelius, kutoka atlasi yake iliyotoka Antwerp mwaka 1570. Hapa wanunuzi wengi hukosea. Mwaka 1570 ulichongwa kwenye bamba lenyewe la shaba lililotumika kuichapa, na kwa sababu atlasi hiyo iliendelea kuchapwa hadi 1612, karatasi iliyochapwa miongo kadhaa baadaye nayo husoma 1570. Kinachoonyesha toleo ni maandishi ya nyuma: lugha yake, nambari ya ukurasa na mpangilio wa mistari. Kwa hiyo omba picha ya upande wa nyuma kabla ya kuzungumzia bei, na muuzaji akikataa, achana naye.

Africae nova descriptio ya Willem Blaeu ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, ikiwa na miji tisa juu, Msumbiji mmojawapo, na watu waliovalia mavazi yao pembeni. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni ghali na rangi yake mara nyingi imetiwa juzijuzi tu. Kijani cha zamani kilichotengenezwa kwa shaba hula karatasi taratibu na kuacha weusi wa kahawia nyuma. Kijani kibichi kisichoacha alama yoyote upande wa pili kitiliwe shaka.

Ramani ya Sebastian Münster, iliyochapwa kwa ubao uliochongwa kuanzia 1540, ina tembo na jitu lenye jicho moja, na inamfaa anayependa mwanzo wa mambo. Mwenye mfuko mdogo aanze na ramani ndogo za ukubwa wa kiganja kutoka atlasi za mfukoni, kama ile ya Philips Galle ya 1577, ambazo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya Ortelius.

Yoyote utakayochagua, itolewe kwenye fremu. Ielekeze kwenye mwanga uone mistari ya karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, papasa ukingo uliobonyezwa na bamba ikiwa ni ya shaba, kisha itazame kwa kioo cha kukuzia: vitone vidogo vilivyopangwa safu ni ishara ya nakala ya kisasa. Halafu uliza ilikotoka. Mwaka 2005 mfanyabiashara wa ramani alikamatwa katika Chuo Kikuu cha Yale, na baadaye akakiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali, nyingine zikiwa zimeshauzwa kwa watu walioamini wamenunua kihalali. Risiti iandikwe jina la ramani, toleo, kasoro zake na mmiliki aliyetangulia.