Nifedipine: presha ilishuka, tumbo likagoma

Kliniki walinianzishia nifedipine, zile zinazoyeyuka polepole, miligramu 20 asubuhi na jioni, presha yangu ikisoma 172 kwa 104. Kwa kazi ya kushusha presha sina la kulaumu. Vipimo vilirudi chini ya 140 kwa 90, na maumivu ya kisogo yakaniacha. Ningekuwa natoa alama kwa hilo tu, ningezitoa zote.

Tumbo ndilo lililoninyima raha. Kwanza choo kilikuwa kigumu, kisha kikawa hakiji kabisa, na tumbo limejaa hata kama sikula kitu cha maana. Usiku kiungulia: nikilala tu, uchachu unapanda hadi kooni. Nikalaumu nazi, nikalaumu maharage, nikaacha pilipili (kwa mtu wa Tanga hiyo ni adhabu). Wapi!

Aliyenifumbua macho ni dada mfamasia wa duka la karibu. Alinieleza kwamba dawa hii hulegeza misuli ya kuta za mishipa ya damu ili itanuke. Lakini utumbo nao una misuli ya namna hiyo, na pale njia ya chakula inapoingia tumboni kuna misuli inayobana kama mdomo wa mfuko. Ikilegea, asidi inapanda. Utumbo nao ukizubaa, choo kinakaa humo hadi kinakauka.

"Na mama, hicho kiungulia unakituliza na nini?" Nikamwambia jirani amenishauri nilambe magadi, na kwa choo nile balungi kila asubuhi. Akashika kichwa. Magadi yana sodiamu nyingi, yatapandisha presha ileile ninayoishusha. Balungi linazuia mwili kuivunja nifedipine, hivyo dawa inazidi kwenye damu: kichwa kinagonga, miguu inavimba, presha inaweza kushuka kupita kiasi. Papai halina shida, akasema. Pia nisizitafune wala kuzivunja tembe hizo, maana dawa yote itaingia kwa mkupuo.

Papai, maji mengi na kula mapema jioni vilisaidia choo kidogo. Kiungulia hakikutikisika. Nikarudi kliniki na daftari langu la vipimo, nikasema wazi kuwa sipati choo. Watu wengi wanaona aibu kulitaja hilo mbele ya daktari kijana, halafu wanaacha dawa kimyakimya, na presha iliyoachwa hivyo inapanda bila kupiga hodi. Daktari hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza kama nimeona damu au choo cheusi, nikasema hapana, akanihamishia losartan, miligramu 50 mara moja kwa siku, akaniagiza vipimo vya figo na potasiamu.

Sasa kiungulia kimekwisha, choo kimerudi kwenye ratiba, na presha inacheza kwenye 134 kwa 82. Losartan nayo ina vituko vyake: shemeji yangu ilimharisha mwanzoni, na mwenye mimba haruhusiwi kabisa kuitumia. Kwangu kasoro ni bei, kwa sababu kituoni mara nyingi haipo, nanunua mtaani. Nifedipine bado naiheshimu. Dada yangu anaitumia miaka nenda rudi na tumbo lake halijawahi kulalamika, na pilipili anakula kuliko mimi.