Ziwa Si Bahari: Vifaa vya Mashua Visivyo na Kazi Kisumu

Vifaa vingi vya boti vinavyouzwa Kisumu, pamoja na vile vinavyoagizwa kwa simu kutoka Nairobi na Mombasa, vilibuniwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Tena Ghuba ya Winam, kutoka Kisumu kuelekea Rusinga, ina kina kifupi, chini ni tope, na juu mara nyingi kumetanda gugu maji. Kifaa kinachosifiwa Mombasa kinaweza kufika ufuo wa Dunga kikawa mzigo tu ndani ya mashua.

Mfano mzuri ni zinki. Vipande vya zinki hufungwa kwenye mguu wa injini ili viliwe badala ya alumini ya injini. Baharini vinafanya kazi hiyo barabara. Katika maji baridi, zinki hujivika gamba gumu lenye weupe wa majivu, na gamba hilo likishashika, kipande hakiliki tena. Mwenye injini akiona baada ya miezi sita kwamba hakijapungua, hufurahi akidhani kimedumu, kumbe kimekufa zamani na kinacholiwa sasa ni mguu wenyewe. Ziwani dai magnesiamu, au alumini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kipande kinachofanya kazi huonekana kimechimbika vishimo vishimo, na kikibaki nusu kinabadilishwa. Kifunge penye chuma kilichosuguliwa kikawa kitupu, wala usikipake rangi, maana rangi hukizima kabisa. Injini ikihamishiwa Lamu au Mombasa, magnesiamu itolewe, kwa sababu chumvi huimaliza upesi mno. Kwa injini ndogo ya nguvu za farasi 15 inayofunguliwa kila jioni na kubebwa hadi nyumbani, vipande vya ziada ni pesa iliyopotea bure.

Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini ni hivyo hivyo. Ina shaba ndani, na kazi yake ni kuwafukuza wale wadudu wenye magamba makali wanaoganda chini ya vyombo vya bahari. Ziwani hawapo. Kinachoota kwenye mbao ni utelezi wa kijani, nao unatoka kwa brashi ngumu mashua ikivutwa ufuoni. Kwenye boti ya alumini rangi ya shaba ni hasara mara mbili, kwani shaba huifanya alumini itoboke. Weka pesa hiyo kwenye pamba ya kuziba maungio ya mbao na ujira wa siku moja wa fundi mzuri.

Masikio ya kusafishia injini, vile vikombe viwili vya mpira vinavyobana mguu na kuunganishwa na bomba la maji, yanauzwa kwa kuosha chumvi. Injini ya Kisumu haijawahi kuonja chumvi. Inachokunywa ni tope. Ukitaka kuiwasha nchi kavu baada ya matengenezo, kata pipa la lita 200, lijaze maji mpaka yapite ile bati iliyo juu ya propela, kisha washa ukiwa kwenye gia ya katikati. Usiiwashe kavu hata kidogo, kwa sababu impela ya pampu, yaani kile kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza injini, ni ya mpira na ikizunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Hiyo impela ndiyo ya kununua, na ya akiba ikae mashuani. Tope huisaga ncha zake, basi ibadilishe kila mwaka hata kama maji bado yanatoka. Mchirizi wa nyuma ya injini ukififia mkiwa katikati ya gugu, zima papo hapo, inua mguu, uondoe majani kwenye matundu ya kuingizia maji.

Kizimba cha propela kinasifiwa sana, nami nasema wazi kwamba kwa ghuba hii ni kifaa kibaya. Kwenye gugu maji kinageuka kapu: mizizi inajazana ndani, mkono haufiki na kisu hakipiti. Propela isiyo na kizimba husafishwa haraka. Gia katikati, injini zima, toa ile kamba ya kuzimia ili asiwepo wa kuiwasha kwa bahati mbaya, inua, kata. Adui mkubwa zaidi ni uzi wa nyavu, na kizimba hakiuzuii. Nailoni hujisokota nyuma ya propela, ikapata joto, ikakata sili ya ekseli, na maji yakaingia kwenye gia. Utajua kwa oili ya gia kutoka nyeupe kama chai ya maziwa. Kila mwezi ng'oa propela: nyoosha pini, fungua nati, vuta, kata uzi wote hadi ekseli ing'ae, paka grisi, rudisha. Weka pini mpya. Iliyokwisha kupindwa na kunyooshwa huvunjika, na propela ikaenda zake chini ya ziwa.

Mashine ya kutafuta samaki inafaa wavuvi wa mbuta wanaotoka nje ya ghuba. Ndani ya ghuba haioni kitu. Mwale wa nyuzi 20, ambao ni wa kawaida kwa mashine za bei nafuu, ukifika kina cha mita 5 unamulika duara la mita 1.8 hivi. Huo ni karibu upana wa mashua yenyewe! Kwenye kina cha mita 40 duara linafika mita 14, na hapo kuna maana. Mvuvi wa omena anayewavuta kwa taa usiku haihitaji popote.

Pampu ya umeme ya kutoa maji nayo ni ya boti zenye sakafu iliyofunikwa. Ile ya galoni 500 kwa saa inatoa lita 31 hivi kwa dakika, kwa hesabu ya kwenye boksi, na ikipandisha maji mita moja inapungua. Katika mashua ya wazi, mtungi wa lita 5 uliokatwa mshazari, ukichota mara kumi kwa dakika, unatoa karibu kiasi hicho hicho. Mtungi hauzibwi na magamba ya samaki wala haumalizi betri.

Nanga ya kukunja yenye makucha manne ni nyepesi na ya kupendeza, lakini kwenye tope inapita kama uma kwenye uji. Chagua ya mabamba mapana yanayojizika, yenye mnyororo wa mita 3 na kamba mara tano hadi saba ya kina: kwa mita 6, kamba ya mita 30 hadi 42. Kamba iwe nailoni, ambayo huzama. Ile ya plastiki ya rangi ya buluu huelea, na propela za wengine huikata.

Kipo kitu kinachodharauliwa kimakosa, nacho ni oili ya boti yenye alama TC-W3, ile ya kuchanganywa na petroli kwenye injini za mipigo miwili (two-stroke). Oili ya pikipiki huacha majivu kwenye plagi na kugandisha ringi. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita ya petroli inataka mililita 20, na tangi la lita 25 nusu lita. Fuata kitabu cha injini yako.

Mwisho ni jaketi linalojijaza lenyewe, na hapa kosa linagharimu uhai. Ndani yake kuna mtungi mdogo wa gesi na kidonge kinachoyeyuka kwenye maji. Katika mashua ya wazi, penye nyavu mbichi na mvua ya usiku, kidonge hulowa na jaketi hufyatuka pasipo haja. Likishafyatuka halijijazi tena hadi lipate mtungi mpya na kidonge kipya, na ndoana moja ya mbuta inatosha kulitoboa. Nunua la povu. Alama ya 50, yaani nguvu ya kuinua kwa newtoni, ni ya mtu anayejua kuogelea na haimgeuzi aliyezimia. Chukua 100 au 150, ambazo ni kilo 10 na 15 za kuinua, na liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu, la sivyo litapanda hadi masikioni na mtu abaki chini. Kisha lipime kabla ya kuliamini. Liweke majini uangalie linavyoelea, lizamishe usiku kucha chini ya jiwe zito, asubuhi liachilie. Likielea chini zaidi kuliko jana, ndani kuna sponji ya godoro. Lirudishe dukani.