Mguu bandia wa polipropilini: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Ninaandika kuhusu mguu bandia wa chini ya goti uliotengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kuitumia kwa viungo bandia nchini Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1980. Nimevaa miguu miwili ya aina hii, mmoja baada ya mwingine, tangu nilipokatwa mguu wa kushoto kufuatia ajali ya bodaboda. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kwa hiyo niliipima kwa mambo mawili: kwenda sokoni kununua vitambaa na kukanyaga cherehani.

Kabla ya kuupata nilidhani mtu husimama juu ya ncha ya kigutu, nami nilikuwa naiogopa siku hiyo. Sivyo. Fundi alipokizungushia kigutu changu bandeji ya plasta, alibonyeza kwa vidole gumba kwenye kano lililo chini ya pia ya goti, akanieleza kuwa hapo ndipo uzito mwingi utakapobebwa. Plasta ile ndiyo iliyotoa umbo la kigutu, na juu ya umbo hilo likafunikwa bamba la polipropilini lililolainishwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi zipatazo 180, hewa ikanyonywa mpaka plastiki ikashika kila bonde na kuwa kikombe kigumu cha kuingizia kigutu. Ndani huwekwa kikombe laini cha sponji, ya jamii ile ile inayotengenezewa malapa.

Plastiki yenyewe sina lawama nayo. Ni nyepesi, hainywi maji, na masika mawili ya kukanyaga madimbwi hayajaiharibu. Kilichonitesa ni mguu wa kwanza kuunganishwa kwa haraka. Kati ya kikombe na unyayo kuna visahani vinavyoweza kuinamishwa huku na huku wakati fundi anatazama unavyotembea. Akisharidhika huvilehemu, na kuanzia hapo kuurekebisha mguu ni kazi ngumu. Katika karakana ile, ambayo sitaitaja, nilitembea dakika chache tu kwenye sakafu ya saruji, foleni ilikuwa ndefu, nikaona haya kusumbua watu. Nilipofika nyumbani kwenye mchanga wa mtaani, vidole vya unyayo vilielekea nje na goti likaniuma kwa miezi. Mguu wa pili niliutengenezea kwingine, na kabla haujalehemiwa niliomba kupanda ngazi na kushuka mteremko wa kokoto, karibu saa nzima. Fundi alinuna kidogo, lakini goti haliumi tena.

Unyayo wake hauna kifundo kinachojikunja; kisigino cha sponji hubonyea unapokanyaga, basi. Kwa kutembea unatosha, ila cherehani ya miguu huhitaji unyayo unaoinama mbele na nyuma, kwa hiyo kazi yote nimeihamishia mguu wa kulia na kiti nimekisogeza upande. Kuchuchumaa ni shida vilevile. Mwenzangu mmoja ana mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968 kwa kuwafikiria watu wanaotembea pekupeku na kuchuchumaa, naye huchuchumaa vizuri kuliko mimi. Sijauvaa, hivyo sitauhukumu zaidi ya hapo. Jihadharini pia na viatu: unyayo hupangwa kwa urefu fulani wa kisigino, na siku niliyovaa kandambili bapa nilihisi goti linasukumwa nyuma kila hatua.

Joto la Tanga halina huruma. Hubadilisha soksi ya pamba ninayokivalisha kigutu kila adhuhuri, na jioni huosha kikombe laini kwa sabuni na kukianika kivulini. Wiki moja niliyozembea nilipata malengelenge na kurudia magongo. Kigutu nacho hupungua: nilianza na soksi moja, nikawa naongeza nyingine kujaza nafasi, na mwezi wa nane tangu niuvae mguu nilikuwa nimefikia nne, na kikombe bado kilicheza. Kwa hiyo anayeambiwa bei ya mguu wa kwanza aulize papo hapo na bei ya kikombe cha pili, kwa kuwa atakihitaji mapema kuliko anavyodhani.

Kwa sasa kisigino cha unyayo kimeanza kubaki kimebonyea hata nikiuvua mguu. Nimeshaagiza unyayo mwingine, na safari hii nitakwenda karakana nimevaa viatu vyangu vya kazini.