Chipu za plastiki zenye mpako: zinafaa, lakini si kwa kila protini

Chipu tulizoagiza kwa maabara yetu ya kufundishia hapa Unguja, vibao vidogo vyenye vijia vyembamba ambamo protini hutenganishwa kwa umeme, ni za polimethilimethakrilati, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, na kuta za vijia vyake zimepakwa poliakrilamaidi, kemikali ambayo Stellan Hjertén wa Uswidi aliitumia mwaka 1985 kupaka kapilari za kioo, yaani mirija myembamba sana inayotumika kwa kazi hiyo hiyo. Mpako huo unakusudiwa kuzuia protini zisigande ukutani, na pia kutuliza mtiririko wa maji unaosababishwa na chaji za ukuta pindi umeme unapopitishwa.

Tulizipima kwa ute wa yai, ambao hauna gharama na una protini mbili zenye tabia zinazopingana. Ovalbumini, iliyo nyingi kuliko zote, ina chaji hasi katika pH 8, kama ukuta wenyewe, hivyo haikusumbua sana hata kwenye chipu tupu, yaani isiyo na mpako. Lisozimu ndiyo mtihani wenyewe, kwani hubaki na chaji chanya hadi karibu pH 11 na huung'ang'ania ukuta: kwenye chipu tupu kilele chake katika grafu ya matokeo kilikuwa kifupi, kikiburura mkia mrefu, na hata baada ya kijia kuoshwa mabaki yake yalijitokeza katika sampuli iliyofuata. Kwenye chipu zenye mpako kilele kilisimama chembamba, pande zake mbili zikilingana.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelezo, ambayo haitaji kiwango cha pH kinachovumilika. Aliyezoea kapilari za kioo ataziosha kwa hidroksidi ya sodiamu, nayo huivunjavunja poliakrilamaidi. Tena imeandikwa tu "hifadhi pakavu", bila hata kifuko cha kunyonya unyevu ndani ya pakiti. Aliyeandika hivyo bila shaka hajawahi kuishi visiwani wakati wa masika.

Kwa ovalbumini na nyinginezo zenye chaji hasi, sioni haja ya kulipa karibu maradufu: chipu tupu na hidroksipropilimethiliselulosi kidogo, ambayo hujipaka yenyewe ukutani, ndani ya bafa (mmumunyo unaodhibiti pH) zinatosha, ingawa bafa hiyo ni nzito, hujaza vijia polepole, na mpako wake lazima ufanywe upya kila mara. Polivinili alkoholi, kemikali nyingine ya kupaka kuta, isijaribiwe kwa njia ya kapilari za kioo, ambako hukaushwa kwa nyuzi 140 za Selsiasi, kwa sababu plastiki hii huanza kulainika karibu na nyuzi 105. Zenye mpako tumezitenga kwa ajili ya lisozimu na protini nyingine zenye chaji chanya.