assert ya Java: mlinzi macho kwenye majaribio, kwenye seva kalala

Naanza na nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa kuwa hakuna sufuri. Nikifika mwisho huenda zikawa tatu. Msinishike neno, bado nina hasira.

Ninacholalamikia ni `assert`, neno la kudai kwamba sharti fulani ni kweli hapo lilipo, na lisipotimia programu irushe kosa. Liliingia kwenye Java 1.4 mwaka 2002. Sisi tunaopenda kusanifu klasi kwa mkataba tunalitumia kwa sababu lugha yenyewe haina kingine. Aliyewahi kushika Eiffel, lugha ya Bertrand Meyer, anajua mkataba unavyopaswa kuwa: `require` inasema anayeita anadaiwa nini, `ensure` inasema anayeitwa ataacha nini akimaliza, `invariant` inasema kitu gani kisivunjike kwenye objekti hata dunia ipinduke. Java ikatukatia paja moja la mbuzi mzima. Sawa, tukala.

Msimbo ulioniletea balaa ni huu, nimeupunguza tu:

```java
for (Ujumbe u : List.copyOf(zinazosubiri)) {
    assert zinazosubiri.remove(u) : "haumo kwenye foleni";
    tuma(u);
}
```

Kazi yake ni ndogo. Kila baada ya dakika 5 unapitia foleni ya SMS za "Ndugu mteja, mzigo wako umefika", unautoa ujumbe kwenye foleni, unautuma. Kwenye majaribio yote ni kijani. Ukapelekwa kwenye seva ya kazi jioni moja, msimu wa mvua za juzijuzi. Kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 8, na kila saa foleni inapitiwa mara 12. Piga hesabu mwenyewe. Asubuhi mteja akapiga simu, tena kwa upole unaouma kuliko matusi: "Kaka, mzigo wangu umefika mara tisini na sita. Nije na lori?"

Kilichotokea ni hiki. JVM, yaani mashine inayoendesha programu za Java, ikianzishwa bila `-ea`, swichi ya kuwasha `assert`, mstari wa `assert` hauguswi. Watu wengi wanadhani unapimwa halafu jibu linapuuzwa. Hapana, haupimwi kabisa. Kompaila inapandikiza kwenye klasi swichi iitwayo `$assertionsDisabled`, ambayo thamani yake inawekwa mara moja tu klasi inapoanza kutumika. `$assertionsDisabled` ikisema `assert` zimezimwa, kilichomo ndani ya `assert` kinarukwa chote, na `remove` yangu ilikuwa humo ndani. Foleni haikupungua hata ujumbe mmoja. `tuma(u)` iko nje ya `assert`, kwa hiyo yenyewe ikaendelea kuchapa kazi usiku kucha, na kila SMS ina bei yake.

Sasa hasira inapotoka. Surefire, kiendesha majaribio cha Maven (chombo cha kujenga programu), inawasha `assert` yenyewe unapoendesha majaribio, hukuiomba. Kazi ya majaribio ya Gradle, chombo kingine cha kujenga programu, nayo vilevile. IntelliJ, kihariri cha msimbo, inaweka `-ea` kwenye mpangilio wa JUnit, maktaba ya majaribio, bila kukuuliza. Halafu `java` ile unayoiendesha kwenye seva inazizima `assert` zote, nayo bila kukuuliza. Kwa maneno mengine, kila mahali pa kujipima mlinzi yuko macho na rungu mkononi, na usiku wenyewe wa lindo amejifunika blanketi. Unajaribu programu moja, unapeleka kazini programu nyingine. Hiyo ni danganya toto. Python nao wana mlango wa kuzima, `-O`, lakini kule masharti yamewashwa mpaka wewe mwenyewe uombe yazimwe. Ukiumia, umeumia kwa mkono wako.

Basi tukawashe. Wengi huandika hivi:

`java -jar mizigo.jar -ea`

Na haiwaki! Chochote kinachofuata baada ya jina la jar (faili la programu iliyofungashwa) kinapelekwa kwa `main` kama kigezo cha programu, JVM haikisomi. Hakuna onyo wala mkwaruzo. Sahihi ni `java -ea -jar mizigo.jar`. Kama programu inaanzishwa na skripti usiyoruhusiwa kuigusa, weka `JAVA_TOOL_OPTIONS=-ea` kwenye mazingira; hiyo angalau inachapa mstari wa kukiri kwamba imeiokota. Ukitaka paketi zako tu, andika `-ea:mizigo.foleni...` na usisahau nukta tatu za mwisho, ndizo zinazobeba paketi ndogo zilizomo ndani. Klasi za JDK zenyewe, zile zinazokuja na Java, haziguswi na `-ea`, zina swichi yao ya `-esa`, na sioni sababu ya mtu wa kawaida kuishika.

Mpaka hapa hata ile nyota moja nilitaka kuirudisha mfukoni.

Halafu nikasoma tena mwongozo wa Java wenyewe, ule unaoeleza namna ya kutumia `assert`, na ikabidi nitulie kidogo. Imeandikwa waziwazi: usiweke ndani ya `assert` kazi ambayo programu inaihitaji ili iende sawa. Imeandikwa pia usikague vigezo vya methodi za `public` kwa `assert`. Yote mawili yapo, hayakufichwa popote. Tena mfano wa kosa walioutoa ni wa kuondoa kitu kwenye orodha ndani ya `assert`, yaani kosa langu pacha. Lakini ukurasa huohuo unakupa ujanja wa kuhakikisha zimewashwa:

```java
static {
    boolean zimewashwa = false;
    assert zimewashwa = true;
    if (!zimewashwa) throw new RuntimeException("washa -ea");
}
```

Angalia mstari wa tatu. Alama ya sawasawa ni moja, si mbili: ni kuweka thamani, ndani ya `assert`, makusudi. Wamekukataza kitendo kwenye ibara moja, wanakufundisha kitendo hichohicho kwenye ibara nyingine. Ujanja unafanya kazi, siukatai, hata mimi ninao. Ila usinifokee kuhusu adabu huku umekaa juu ya meza.

Mwenye kosa hasa ni nani? Kadiri ninavyoutazama ule mstari ndivyo ninavyoanza kumwonea huruma `assert`. Tatizo linaanzia kwa `remove`. Kwenye mikusanyo ya Java, `remove(u)` inafanya mambo mawili kwa pigo moja: inabadilisha foleni, na inajibu swali "je, ulikuwemo?" kwa `true` au `false`. Kwa kuwa inajibu swali, inakaa vizuri mahali pa sharti, na mkono wa mwandishi hausiti. Eiffel wanatenganisha. Kinachobadilisha hali ni amri na hakirudishi kitu; kinachojibu ni swali na hakibadilishi kitu. Kuondoa kitu kwenye orodha za maktaba yao ni amri, hakuna jibu linalorudi, na kwa sababu hiyo huwezi kuiandika ndani ya `require` wala `ensure`: kompaila inaikataa papo hapo. Kosa langu lisingefika hata kwenye majaribio. C++ nao wameliona. Mikataba ilitolewa kwenye C++20 mwaka 2019 baada ya mabishano marefu, ikarudishwa kwenye rasimu ya C++26 mwanzoni mwa 2025, na safari hii majina ya vitu vya nje yakitajwa ndani ya sharti yanahesabiwa kuwa `const`. Foleni yako ukiitaja mle, unaruhusiwa kuiuliza, huruhusiwi kuipunguza.

Java haina kinga ya namna hiyo. Kilichopo ni vikaguzi vya pembeni. SonarQube ina kanuni inayopigia kelele `assert` yenye kitendo ndani yake. Iwasheni leo. Na mstari wenyewe uandikwe hivi:

```java
boolean umetoka = zinazosubiri.remove(u);
assert umetoka : "haumo kwenye foleni";
```

Kitendo kwenye mstari wake, sharti kwenye mstari wake. Ukizima sharti, foleni bado inapungua. Haya, nyota tatu.

Nyota tatu zilidumu siku chache. Baada ya kuwasha `-ea` kwenye seva, SMS zikaacha kabisa kutoka. Sufuri. Hakuna mstari mwekundu kwenye logi, hakuna programu iliyoanguka, seva iko hai na inapumua. Sikiliza hili kwa makini maana ndilo litakalokula watu.

Ndani ya `tuma` kulikuwa na `assert u.namba().startsWith("255")`. Mtu wa kaunta akaingiza namba inayoanza na 07. Sharti likavunjika, ikarushwa `AssertionError`. Jina linajieleza: ni ukoo wa `Error`, si ukoo wa `Exception`. Kizuizi cha `catch (Exception e)` kilichozunguka kazi nzima, ambacho ndicho kinachoandika kwenye logi, hakiioni. Inapita kama gari la mkubwa kwenye foleni ya Ubungo. Ikapanda mpaka kwa `ScheduledExecutorService`, mpangaji wa kazi za kurudiarudia, na huyo ana tabia yake: kazi iliyopangwa kwa `scheduleAtFixedRate` ikirusha kosa lolote mara moja tu, mizunguko yote inayofuata inafutwa. Kosa lenyewe linahifadhiwa ndani ya `ScheduledFuture`, na kama hakuna aliyeita `get()`, halichapwi popote. Kimya kama maji mtungini. Namba moja ya 07 imefunga mdomo wa mfumo mzima.

Kwa hiyo zikizimwa, SMS 96. Zikiwashwa, hakuna SMS. Nyota moja, na nimeirudisha kwa hasira.

Ingawa, tuseme kweli, hapo napo sharti lilikuwa limekaa pasipo pake. Mkataba ni kati ya msimbo na msimbo. Mtu wa kaunta hakusaini chochote. Namba yake ni data ya kutoka nje na inapaswa kuchujwa mlangoni kwa `if` ya kawaida, ikikosewa arudishiwe ujumbe wa kurekebisha. Ikishavuka mlango, huko ndani ndiko unaweza kudai kwamba kila namba inaanza na 255, na asiyetimiza ana kosa la programu. Kwa methodi za `public` tumia `if` pamoja na `IllegalArgumentException`, au `Objects.requireNonNull` kwa vitu visivyotakiwa kuwa `null`. Hizo hazina swichi, haziendi kulala. Kotlin wana `require` na `check` zilizo tayari, nazo hazizimwi na kukosa `-ea`. Na kazi zote za `scheduleAtFixedRate` zifungeni kwa `catch (Throwable t)` inayoandika logi, hata kama hamtumii `assert` kabisa.

Kuna jambo la urithi ambalo nitalipitia haraka maana linanichosha. Sharti ulilolitia kwenye methodi ya klasi mzazi halimfuati mtoto. Mtoto akiiandika upya methodi bila kuita `super`, yaani ile ya mzazi, mkataba umekwenda na maji, na hakuna atakayekwambia. Kwenye Eiffel mtoto anaurithi atake asitake: kwa `require else` anaweza kulegeza anachodai, kwa `ensure then` anaweza kuongeza anachoahidi, kinyume chake haiwezekani. Kwenye Java dawa ni kuifanya methodi ya nje iwe `final` (mtoto haruhusiwi kuiandika upya), ndani yake uweke masharti, kisha iite methodi ya `protected` iitwayo mathalani `tumaHasa`, hiyo ndiyo mtoto aandike upya. Inafanya kazi. Inachosha vidole, lakini inafanya kazi.

Ninachotamani na hakipo ni hali ya kati. C++26 wanayo: sharti likivunjika unaweza kuchagua liripotiwe halafu programu iendelee. Java inakupa mawili tu, usingizi wa pono au kuvunja meza. Usiku ule wa SMS 96 ningelipa pesa nzuri kupata mstari mmoja tu wa kwenye logi.

Basi nyota mbili. Ya tatu ilikuwa ya mwongozo, na nimeshaukumbuka tena ule mstari wa alama moja ya sawasawa.